Maswali ya Wasomaji: Flashi, memori kadi, hadidiski... nibebe kipi?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu, mistari kama mitatu hivi, kwamba flashi ni ya kubebea vitu na sio kabati la kuvitunzia, nikadhani nimemaliza. Kumbe nimechokoza nyuki. Maswali yamekuja mpaka nikakosa pa kuyaweka, wengine mnauliza kwa upole, wengine mnagomba kabisa eti flashi zenu mnazo miaka saba na hazijawahi kuwaangusha. Sawa, hongereni, lakini hata asiyefunga mkanda kwenye gari anaweza akafika salama miaka saba. Leo safu yote naitoa kwa vifaa hivi vya kubebea data. Maswali nimeyafupisha kidogo na yaliyofanana nimeyaunganisha, msinilaumu.

SWALI: Habari fundi. Nimenunua flashi imeandikwa GB 64 ila nikichomeka kwenye kompyuta inasoma GB 59 na kitu. Na ni mpyaa, haina kitu ndani. Hizo zingine kazila nani? (Mwanafunzi)

Hajala mtu. Ni ugomvi wa kuhesabu tu. Mtengenezaji anahesabu kwa elfu, GB 1 kwake ni baiti 1,000,000,000 basi. Windows inahesabu kwa 1,024 maana kompyuta mambo yake inayapanga kwa mbili mbili, mbili mara mbili mara mbili mpaka unaifikia hiyo 1,024, kwa hiyo GB yake moja ni baiti 1,073,741,824. Chukua bilioni 64 ugawe kwa hiyo namba ndefu unapata 59.6. Baiti ni zile zile, ni kama kitambaa kimoja kapima mtu wa mkono mfupi halafu kaja kupima wa mkono mrefu. Ukiichomeka kwenye Mac itakwambia 64 safi kabisa, kwa sababu Apple tangu 2009 walihamia kuhesabu kwa elfu. Hadidiski ya TB 1 (yaani GB 1,000) ndo inashtua zaidi, kwenye Windows inasoma GB 931, na watu wanaenda kugombana na muuzaji ambaye safari hii hana kosa.

SWALI: Fundi mi nilipata flashi ya TB 2 kwa bei ya kutupa, nikafurahi. Nikajaza muvi na picha zote. Mwanzo zinafunguka vizuri, hizi za mwisho mwisho majina yapo na saizi ipo ila nikifungua inagoma, picha zingine zinatoka nusu halafu chini kijivu. Ni virusi?

Hapana ndugu yangu, sio virusi. Hapo ndo umeibiwa kweli, pole sana.

Hebu tuelewane inavyofanyika maana watu wengi wanadhani flashi feki ni flashi mbovu. Ndani ya flashi kuna vitu viwili vikubwa, kuna chipu ya kumbukumbu yenyewe ambayo ndo inashika data, halafu kuna chipu ndogo ya kuongoza ambayo ndo inaongea na kompyuta, ikiulizwa "we una nafasi kiasi gani" ndo inajibu. Sasa tapeli anachukua kumbukumbu ya GB 16 au 32, anaiandikia ile chipu ya kuongoza idanganye, iseme TB 2. Kompyuta haina namna ya kuhakiki, inaamini. Wewe unakopi, unakopi, mstari wa kijani unajaa, hakuna ujumbe wa kosa hata mmoja. Ukifika mwisho wa GB za kweli, kuanzia hapo kila unachoweka ama kinatupwa hewani ama kinarudi mwanzo na kuandika juu ya vile vya kwanza. Na ndo maana majina unayaona na saizi unaziona, kwa sababu orodha ya mafaili inakaa mwanzoni mwa flashi kwenye sehemu ya kweli. Unasoma daftari la bohari, lakini bohari lenyewe halipo.

Nimeulizwa pia kama flashi za TB 2 za kweli zipo. Zipo, kampuni ya Kingston walitangaza yao 2017, lakini ni dude nene kwelikweli na haikuwa kitu cha kutupa hata kidogo. Kikikujia kijiti chembamba cha TB 2 na bei yake imepotea njia, kiache kipite.

Namna ya kupima: kwenye Windows kuna programu ya bure inaitwa H2testw, kwenye Linux na Mac kuna F3. Zote kazi yake ni moja, zinajaza flashi nzima kwa data zinazoijua halafu zinairudia kuisoma yote kuona kama kilichoandikwa ndo kilichopo. Toa vitu vyako vyote kwanza, weka kwingine. Na ujipange, maana flashi inayoandika MB 10 kwa sekunde ukitaka kujaza TB 2 ni sekunde 200,000, yaani siku mbili na ushee kuandika tu. Ila feki huwa inajulikana mapema sana, hutafika huko. Mi kila memori kadi mpya nikiipata naipima kabla sijaipa kazi, hata ikiwa na jina kubwa, maana majina makubwa ndo yanayoigwa.

Hizo picha zako, zile ulizoweka mwanzoni zinaweza kupona. Za mwishoni hazikuwahi kuhifadhiwa popote, usimlipe mtu akudanganye eti atazirudisha.

SWALI: Mi napiga video za harusi na shughuli. Mzigo wa siku moja unafika GB 200 mpaka 300. Nimekuwa nikitumia flashi, naona nachelewa. Watu wananiambia chukua hadidiski ya nje, wengine wanasema SSD. Tofauti ni nini hasa, au ni mbwembwe tu za majina?

Sio mbwembwe, na kazi yako ndo inaonyesha tofauti kuliko kazi ya mtu mwingine yeyote aliyeniandikia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Hadidiski ya nje, ile ya kawaida, ndani ina sahani zinazozunguka, kwa nyingi za kubeba ni mizunguko 5,400 kwa dakika, na juu ya sahani kuna kichwa kinachosoma na kuandika kwa sumaku bila kuigusa. Hakigusi ila kimekaribia kiasi cha nanomita, unywele wako ukilinganisha ni mlima. Uzuri wake ni kwamba nafasi unapata nyingi kwa gharama ndogo, hakuna kinachoishinda hapo. Kasi yake ni kama MB 100 kwa sekunde, wakati mwingine juu kidogo. Ubaya wake umeshaujua: ikianguka wakati inazunguka, kile kichwa kinapiga sahani, na hapo ndo kilio. Mimi mwenyewe niliangusha moja, haikuwa hata juu, ilikuwa kwenye kochi, mtu kapita kavuta waya kwa mguu. Ikaanza kutoa sauti tik, tik, tik, nikaichomoa nikaichomeka tena kama mara kumi nikidhani itajirudi, kosa kubwa sana hilo, kila mara unayoiwasha ikiwa na hiyo sauti unazidi kuikwangua. Miaka minne ya picha.

SSD haina kinachozunguka. Ni kumbukumbu ya chipu ile ile familia ya flashi, ila chipu nyingi zinafanya kazi kwa pamoja na ile ya kuongoza ina akili zaidi, inajua kugawa kazi ili kumbukumbu isichoke upande mmoja. Ikianguka kutoka mezani kwa kawaida unaokota unaendelea. Kasi, SSD nzuri ya nje inaenda kwenye MB 1,000 kwa sekunde.

Sasa piga hesabu yako wewe. GB 200. Kwa flashi ya kawaida inayoandika MB 10 ni saa tano na nusu. Kwa hadidiski ya MB 100 ni dakika 33. Kwa SSD ya MB 1,000 ni dakika tatu na kitu. Kwa mtu mwenye maharusi wanaosubiri, nadhani nimeshajibu. (Zitapungua kidogo kwenye uhalisia, SSD nyingi zikiandikwa mfululizo kwa muda mrefu zinapata joto au ile sehemu yake ya haraka inajaa, basi inashuka. Usishtuke, haijaharibika.)

Lakini kuna mtego, na wengi mnaingia. Unanunua SSD nzuri halafu unaichomeka kwenye tundu la USB 2.0 au kwa waya uliokuja na simu. USB 2.0 mwisho wake ni megabiti 480 kwa sekunde, gawa kwa nane (baiti moja ni biti nane) upate megabaiti, 60, na kwenye matumizi ya kweli unapata 30 au 40. Hapo SSD yako na hadidiski ni sawa tu, umenunua gari la mashindano ukaliendesha sokoni. USB 3.0 ambayo ilitoka 2008 ni gigabiti 5, na matundu yake mengi yamepakwa bluu ndani, tafuta hilo. Baadaye zikaja za gigabiti 10 na 20. Na waya wa Type-C usikudanganye kwa umbo lake, nyaya nyingi za kuchajia simu zina kichwa cha Type-C lakini data zinapitisha kwa kasi ya USB 2.0. Tumia waya uliokuja na SSD yenyewe, uuandike hata jina, maana nyaya zinaazimwa hazirudi.

Ushauri wangu kwako: SSD moja ya kazini, ya kuhamishia na kuhariria. Halafu hadidiski mbili za kutunzia kazi zilizokwisha, moja ikae unapofanyia kazi nyingine ikae nyumba nyingine kabisa. Na usifute kadi ya kamera mpaka kazi ipo sehemu mbili. Sijui nisemeje hili kwa nguvu zaidi. Ile tabia ya kuhamisha kwa "kata na bandika" badala ya kukopi iache leo, umeme ukikatika katikati utajua sikuwa natania.

SWALI: Kadi ya memori imejaa maandishi kama karatasi ya daktari. C ndani yake 10, U ndani yake 3, V30, A2, SDXC, na alama ya I. Kuna maana yoyote au ni urembo?

Kuna maana, na nusu yake unaweza kuisahau.

Ya kwanza kabisa ni SD, SDHC, SDXC. Hiyo inaongelea ukubwa. SD yenyewe ni mpaka GB 2, SDHC inazidi hapo mpaka 32, SDXC inazidi 32 mpaka TB 2, na kuna SDUC ambayo imewekewa nafasi mpaka TB 128 huko mbele. Hili linakuhusu kama una kamera au kadi rida (kile kifaa cha kusomea kadi) ya zamani, kifaa kilichotengenezwa enzi za SDHC unaweza kukikuta hakiijui SDXC kabisa, na mtu analaumu kadi.

Namba za C, U na V zote zinasema kitu kimoja kwa lugha tatu, kwamba kadi haitashuka chini ya kasi fulani ya kuandika. C10 ni MB 10 kwa sekunde, U1 vilevile 10, U3 ni 30, V30 ni 30, V60 ni 60, V90 ni 90. Za V zililetwa kwa ajili ya video. Kama unarekodi 4K tafuta V30 au U3 na kuendelea. Ile namba kubwa iliyochorwa kwa maringo, "mpaka MB 170 kwa sekunde", mara nyingi ni kasi ya kusoma, tena siku kadi imeamka vizuri. Video inahitaji kuandika.

A1 na A2 ni za wanaoweka programu kwenye kadi ya simu. Alama ya I ni aina ya njia ya mawasiliano, wewe usihangaike nayo isipokuwa kamera yako inaisema.

Na kidokezo ambacho hukuuliza: adapta ya kadi kubwa ina kitufe kidogo pembeni cha kufungia. Kikishuka kadi inakataa kuandikwa. Nimeletewa "kadi mbovu" ngapi zilizokuwa zimefungwa tu kwa hicho kitufe, siwezi kuhesabu, na narudisha nikiwa na aibu ya kumwambia mtu ukweli.

SWALI: Flashi ina nafasi GB 20, faili langu ni GB 6, nikikopi inasema faili ni kubwa mno. Hesabu gani hiyo?

Hesabu ya FAT32. Huo ni mpangilio wa kupanga mafaili, wa zamani, na faili moja haliwezi kufika GB 4 hata flashi iwe tupu kama uwanja. Hamisha vitu vyako, bofya kulia, fomati, chagua exFAT. Itakubali, na itasomeka Windows na Mac zote mbili. NTFS nayo inakubali mafaili makubwa lakini Mac kwa kawaida inaisoma tu, kuandika haiandiki. Angalizo moja, redio za magari na televisheni za zamani nyingi zinajua FAT32 peke yake, kwa hiyo flashi yako ya muziki iache hivyohivyo ilivyo.

SWALI: Fundi samahani, kila nikitoa flashi lazima nibofye ile ya kutoa salama? Mwenzangu anachomoa tu na haijawahi kumletea shida.

Mwenzako ana bahati, na pia ana Windows mpya kidogo. Zamani Windows ilikuwa inaweza kukwambia imemaliza kukopi kumbe kipande bado kipo kwenye kumbukumbu ya kompyuta kinasubiri kushushwa, ukichomoa hapo kimepotea. Kuanzia Windows 10 toleo la 1809 wakabadilisha, flashi kwa kawaida inawekwa kwenye hali ya kutolewa haraka. Lakini Mac na Linux sio hivyo, na hiyo exFAT niliyoisifia hapo juu haina kumbukumbu ya kujirekebisha kama NTFS, ukichomoa katikati ya kuandika orodha yote ya mafaili inaweza kuvurugika. Kwa hadidiski ndo usifanye kabisa. Sekunde tatu tu bwana.

SWALI: Kila folda kwenye flashi imegeuka njia ya mkato, nikibofya inafunguka ila na kompyuta imekuwa nzito. Vitu vyangu vimefutwa?

Havijafutwa, vimefichwa. Hiki ni kirusi cha zamani kinachopenda flashi maana flashi inazunguka kompyuta kwa kompyuta kama nzi. Kinaficha folda zako halisi na kuweka njia ya mkato yenye jina lilelile, wewe ukibofya unakiwasha chenyewe halafu kinakufungulia folda ili usishtuke. Usibofye tena. Safisha kompyuta kwanza kwa antivirusi iliyosasishwa, la sivyo utatibu flashi na ikichomekwa inaugua upya. Halafu fungua ile dirisha nyeusi ya amri (Command Prompt), na kama flashi ni herufi E andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Folda zitajitokeza. Kopi vitu vyako pekee, hizo njia za mkato na mafaili usiyoyajua yaache, fomati flashi. Na msidhani flashi zinaambukiza kompyuta za watu wadogo tu, kile kirusi cha Stuxnet kilichogundulika 2010 na kuharibu mashine za nyuklia za Iran, flashi ilikuwa njia yake mojawapo ya kusambaa.

SWALI: Nimefuta picha za mwanangu kwenye memori kadi kwa bahati mbaya, nimekaa nalia. Kuna njia? (Mama wa wawili)

Pole mama. Swali la kwanza, umeshapiga picha nyingine na kadi hiyo baada ya kufuta? Kama bado, futa machozi, uwezekano ni mkubwa. Ukifuta, kifaa kinaondoa jina kwenye orodha na kusema nafasi hii iko wazi, lakini picha yenyewe mara nyingi bado imelala palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Kwa hiyo toa kadi sasa hivi, usiirudishe kwenye simu. Iweke kwenye kompyuta kwa kadi rida, tumia programu ya PhotoRec ambayo ni ya bure, au Recuva kwenye Windows. Zile zinazopatikana zihifadhi kwenye kompyuta na sio kwenye kadi hiyohiyo, hapo ndo wengi wanajimaliza, wanaokoa picha kumi kwa kuziandikia juu ya nyingine mia. PhotoRec itarudisha picha bila majina yake ya mwanzo, zitakuja na namba namba, zote zimechanganyika, vumilia.

Kwa wengine mnaosoma, hii haifanyi kazi vizuri kwenye SSD. Nyingi zina utaratibu wa kusafisha nafasi iliyofutwa zenyewe kimyakimya, ukichelewa kidogo hakuna cha kuokoa.

SWALI: Kijana, mimi ni mwalimu mstaafu. Nina disketi za maandishi yangu, na CD nilizochoma mwenyewe zamani. Mjukuu amenipa flashi nihamishie zote humo, niziweke kabatini, zikae kwa ajili ya wajukuu wengine. Umesema flashi sio kabati. Basi kabati ni lipi?

Shikamoo mwalimu. Swali lako ndo nililitaka tangu mwanzo.

Tuanze na kuokoa. Disketi zile za inchi 3.5 zinabeba MB 1.44 tu, yaani picha moja ya simu ya leo haiingii, lakini kwa maandishi ni vitabu. Kuna visomeo vya disketi vya kuchomeka USB, tafuta mtu mwenye nacho na ufanye hivyo mapema, sumaku yake inafifia na ukungu unaipenda. Ikikataa mara ya kwanza usiilazimishe mara nyingi, jaribu kisomeo kingine.

CD nazo usizipanguse kwa nguvu na tafadhali usiandike juu yake kwa kalamu ya wino wa kawaida ya ncha ngumu. Watu wanaogopa mikwaruzo ya chini, ule upande unaong'aa, lakini data ya CD ipo karibu kabisa na upande wa juu wenye lebo, chini kuna plastiki nene ya kuikinga. Mkwaruzo wa chini mara nyingi unang'arishwa ukapona, wa juu ukifika kwenye ule utando basi imetoka hiyo. DVD ni tofauti, data imewekwa katikati ya plastiki mbili. Halafu CD za kuchoma nyumbani zinatumia rangi maalumu ambayo jua na joto vinaiua, hizo ndo za kuanza nazo kabla ya disketi.

Sasa flashi. Inashika data kwa kunasa chaji ya umeme ndani ya vyumba vidogo sana, wazo alilolianzisha Fujio Masuoka wa Toshiba miaka ya 1980. Flashi za kwanza za USB kuuzwa, mwaka 2000, zilikuwa MB 8, na watu walizionea maajabu kwa sababu zilimeza disketi tano kwa mpigo. Leo ni mara maelfu, na sababu mojawapo ni kwamba zamani kila chumba kilibeba biti moja, sasa kinabeba tatu au nne, yaani kiwango cha chaji kinapimwa kwa vipimo vya karibu karibu mno. Chaji hiyo inavuja polepole. Flashi mpya isiyochoka ikikaa miaka michache kabatini kwa kawaida haina neno, ila iliyoandikwa na kufutwa sana, tena ikikaa kwenye joto, inavuja haraka zaidi. Na ikifa haitoi sauti wala dalili, jana inasoma leo kompyuta haijui hata kama umechomeka kitu.

Kwa hiyo mwalimu, kabati ni nakala nyingi, kifaa kimoja hakitoshi kuwa kabati hata kiwe kizuri vipi. Wapiga picha wana kanuni ya 3-2-1, aliyeieneza ni mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu, kwenye aina mbili tofauti za vifaa, moja ikae mbali na nyumbani. Kwako mimi ningefanya hivi. Maandishi yote yawe kwenye kompyuta ya mjukuu. Nakala ya pili kwenye hadidiski ya nje, ambayo ikikaa imezimwa na haitikiswi inatunza vizuri kuliko flashi. Ya tatu kwenye flashi au mtandaoni, kwa mtoto anayeishi mbali. Mara moja kwa mwaka, mchague siku mtakayoikumbuka, mzichomeke zote, mfungue mafaili kadhaa muone yanafunguka, na kila baada ya miaka mitano hivi mhamishie kwenye kifaa kipya. Na maandishi yenyewe myahifadhi pia kwa PDF au maandishi matupu, maana unaweza kuokoa faili salama salimini halafu ikakosekana programu ya kulifungua. Kisha ukiweza, mwalimu, yale unayoyapenda zaidi yachapishe kwenye karatasi. Usinicheke.

SWALI: Na wewe mwenyewe fundi unatembea na nini mfukoni? Usituambie tu sisi.

Haya. Kwenye funguo nina flashi ndogo ya GB 32 ya chuma, ina vichwa viwili, USB ya kawaida na Type-C ya simu, ndani yake hakuna kitu cha siri hata kimoja, programu za ufundi tu na vitu vya kuwapa watu. Ikipotea naumia kwa dakika mbili. Nyaraka za maana, vyeti na vitambulisho vilivyoskaniwa, vipo kwenye SSD ambayo nimeifunga kwa nywila kwa programu ya VeraCrypt, ukiiokota utaona kitu kisichosomeka. Wenye Windows za Pro mnayo BitLocker humohumo, mtumie hiyo, ila nywila mkiisahau msiniandikie, hakuna fundi wa kuifungua.

Picha zote zipo sehemu tatu, na moja ipo kwa dada yangu ambaye hajui hata ni nini, anajua tu ni kiboksi changu nisichotaka kiguswe. Ile hadidiski iliyoanguka kwenye kochi bado ninayo pia. Ipo kwenye droo, imefungwa kwa kitambaa, sijaichomeka tena tangu siku ile.